Ubuyu hauogeshwi

Sufuria yangu ya kwanza ya ubuyu niliimwaga jalalani. Kilo mbili nzima, na sukari yake, na iliki yake. Nilitaka kuuza vipakiti vya watoto hapa Mikindani, nikadhani kazi ni kuchemsha tu. Nikautia ubuyu kwenye maji ya sukari yangali mepesi. Kufumba na kufumbua ule unga mweupe umeyeyuka wote, nimebaki na uji mwekundu na mbegu zake.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Mjukuu wangu, ubuyu hauogeshwi."

Afadhali mabuyu sikuyanunua. Nyuma ya nyumba yake kuna mbuyu ambao watu wanne wakishikana mikono hawauzunguki. Kiangazi unapukutika majani yote, mabuyu yanabaki yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Majani machanga bibi anapika mboga. Zamani, anasema, walibandua magome wakasokota kamba, na mti haukufa, uliota gome jingine. Maua yake yanachanua usiku, popo wanayafuata. Ukipita kesho yake yameshaanza kunyauka, na harufu yake mimi siiwezi.

Safari ya pili nilipasua mabuyu kwa jiwe, nikachambua zile nyuzi nyekundu, nikachekecha unga uliolegea nikauweka pembeni. Ubuyu kilo moja, sukari robo tatu, maji kikombe kimoja tu, rangi, iliki, chumvi kidogo na pilipili ya unga. Shira nikaiacha ichemke mpaka tone lake likivutwa kati ya vidole linatoa uzi. (Chota kwa kijiko, lipoe kwanza. Mimi nina kovu.) Hapo ndipo nikamimina ubuyu, nikapunguza moto, nikageuza bila kupumzika mpaka mwiko ukawa mzito na chini ya sufuria pakakauka. Nikaepua, nikanyunyizia ule unga wa pembeni, punje zikaachana moja moja.

Sasa nafunga vya shilingi mia. Wateja wangu wakubwa ni kina mama wa sokoni, wanaodai wanawanunulia watoto. Ukirudi baada ya nusu saa unawakuta midomo myekundu, vichwa vimeinamiana, wanapeana ule ubuyu mwingine usiouzwa kwenye vipakiti.