Baada ya Nukta ya Mwisho

Kwenye mikutano ya waandishi hapa Dar kuna kauli haikosi: mwandishi kazi yake ni kuandika, mengine awaachie wenyewe. Wanaoisema ni wakubwa zetu, na nawaheshimu. Ila mimi siikubali, na leo nataka nieleze kwa nini, maana kila mara napata ujumbe kutoka kwa vijana wenye miswada kwenye simu wakiniuliza: dada, nikishamaliza kuandika nafanya nini?

Unafanya mengi. Ukifungua majina kwenye simu yangu utayaona maisha ya mwandishi wa sasa: Mwalimu Mhariri. Grafiki Kariakoo. Fundi Mashine Gerezani. Dada Duka Posta. Boda Kinyerezi, halafu Boda Kinyerezi wa Pili, kwa siku ambazo wa kwanza hapokei. Mizigo Mbeya. Mizigo Mwanza. Kila jina hapo lina kazi yake, na kila kazi imenilazimu kujifunza kitu, walau cha kuniwezesha kuongea na mwenye jina bila kubabaishwa.

Mchana mimi ni karani wa hesabu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Riwaya naandika alfajiri. Na baada ya vitabu kadhaa nimefikia msimamo mmoja: kazi hizi nyingi hazina uzito sawa. Kinachogusa sentensi na kinachogusa pesa, mwandishi lazima akijue mwenyewe kwa kina. Vingine ajue vya kutosha, kisha amlipe mwenye ufundi.

Nianze na sentensi. Ukiwa na hela ya kumlipa mtu mmoja tu, mlipe mhariri. Mchoraji wa jalada atasubiri, na wa kukutangaza mtandaoni atasubiri zaidi. Mhariri wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, anakaa Ukonga. Muswada anautaka kwenye karatasi. Kwenye kioo cha simu hataki hata kuuona. Nikifika barazani kwake namwamkia, shikamoo Mwalimu, ananiitikia marahaba mwanangu, na hapo hapo kalamu nyekundu inatoka.

Siku moja alisimama kwenye sentensi hii: "Alifungua mlango na kuingia ndani na kukaa kwenye kiti na kuanza kulia." Akaisoma kwa sauti, taratibu, mpaka mjukuu wake aliyekuwa anafua uani akageuka. Kisha akauliza, "Mwanangu, hizi 'na ku' zote za nini, wakati 'ka' ipo?" Akaandika pembeni: "Aliingia, akakaa, akalia." Mlango ukaondoka, kiti kikaondoka, na kile kilio kikapata nafasi yake.

Ukurasa wa pili akamkuta mama ntilie wa Tandika anamwambia mumewe, "Naomba unieleze sababu ya kuchelewa kwako." Mwalimu akavua miwani. "Huyu mama anauza wali au anasoma taarifa ya habari?" Tukaifanya: "We baba nanii, mbona saa hizi?" Hapo nikaona mwanamke yule amesimama jikoni na mwiko mkononi, ambaye kabla ya hapo sikuwa nimemwona hata mimi niliyemuumba.

Lakini kukaa na mhariri ni ujuzi wa pande mbili. Kuna neno "mishe" alilolikata kila lilipotokea. Nilimtetea yule kijana wa bodaboda aliyekuwa akilisema, kwamba kijana wa Mbagala hawezi kwenda kwenye "shughuli" zake. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Haya, liache. Ila libaki mdomoni mwa mhusika, lisije likaingia kwenye masimulizi." Nililipenda sana sharti lile na ninalifuata mpaka leo. Mwandishi asiyejua lugha yake kwa kiwango cha kubishana na mhariri kwa hoja, atakubali kila kitu au atakataa kila kitu, na kitabu kitaumia kwa namna zote mbili. Kamusi iwe mezani. Na soma kwa sauti, hata kama nyumbani watakushangaa.

Mambo ya kiwandani ni mepesi zaidi, ila yana utamu wake. Kwenye mashine kubwa za uchapaji za ofseti, karatasi moja pana huchapwa pande zote na kukunjwa, mara nyingi ikatoa kurasa 16. Kwa hiyo fundi wangu wa eneo la Gerezani anahesabu kitabu kwa kumi na sita. Nilimpelekea kitabu cha kurasa 196, akapiga hesabu kichwani huku mkono uko kwenye mashine. "Dada, 192 ni kumi na sita mara kumi na mbili. Hizi nne zilizozidi zitakula karatasi bure. Punguza, au jaza ufike 208." Nikarudi nyumbani nikapunguza. Zilizokufa ni kurasa za safari ndefu ya pantoni kwenda Kigamboni, na kwa kweli abiria wale walikuwa wanaangalia maji kupita kiasi.

Idadi hiyo ya kurasa ndiyo inayompa mtu wa grafiki upana wa mgongo wa kitabu. Kurasa 192 ni majani 96, na karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, hivyo mgongo unakaribia sentimita moja. Ukimwagiza jalada kabla ya kujua hilo, jina lako litaangukia pembeni badala ya mgongoni. Na rangi: kioo cha kompyuta kinaonyesha rangi kwa mwanga, mashine inachapa kwa wino wa aina nne, sian, majenta, njano na nyeusi. Ile bahari ya buluu inayong'aa kwenye simu inaweza kutoka imefifia kama shuka lililofuliwa sana. Dai pruufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio, uishike mkononi juani, ndipo useme chapa. Zaidi ya hapo sijifunzi. Kupanga kurasa na kuchora jalada namlipa mwenye macho hayo.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, nayo vijana wanaiogopa bure. Unakwenda Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, unafuata utaratibu. Ni tarakimu 13, inaanza na 978, na kwenye vitabu vingi vya Tanzania utaona 9976 au 9987 zikifuata. Sisi watu wa hesabu tunaipenda tarakimu yake ya mwisho: ukizidisha tarakimu zote kwa moja na tatu kwa kupokezana, ukajumlisha, jibu lazima ligawanyike kwa kumi. Likigoma, kuna mtu amekosea kuandika. Niliwahi kukuta kosa hilo kwenye pruufu ya rafiki yangu nikiwa nimekaa tu kwenye mwendokasi.

Sasa pesa. Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri.

Mkataba ukikwambia utapata mrabaha, yaani fungu lako kwenye kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10, uliza: ya nini? Chukua kitabu cha shilingi 15,000. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,500. Lakini ikiwa mkataba unasema "ya mapato halisi", na mchapishaji amewauzia maduka kwa punguzo la asilimia 40, anabaki na 9,000, na wewe unapata 900. Asilimia ni ile ile, lakini kwenye kila nakala umepungukiwa shilingi 600. Zidisha kwa nakala elfu moja, ni laki sita, ada ya mtoto. Hakuna aliyekuibia, karatasi ilisema na ukatia sahihi.

Soma pia sehemu ya haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Hiyo ni mali ya wajukuu. Niliwahi kuletewa mkataba na mchapishaji mmoja uliotaka haki ya chapa, sauti, tafsiri, filamu na "muundo wowote utakaobuniwa baadaye", vyote kwa malipo ya mara moja. Niliomba vitenganishwe, nikabaki kuuza haki ya chapa tu, kwa muda wenye mwisho. Mazungumzo yalikuwa ya heshima kabisa, na tulielewana. Mwandishi anayeona haya kuzungumzia pesa anawaachia wengine waizungumzie kwa niaba yake.

Halafu kuna mali kauli. Unaacha nakala dukani, zikiuzwa unalipwa baada ya duka kukata lake, zisipouzwa unazichukua. Ni biashara ya uaminifu, na uaminifu unapenda daftari. Nikiacha nakala kumi naandika tarehe, idadi, bei, na anayepokea anatia sahihi. Jumamosi napita kuhesabu zilizobaki. Mara nyingi nakuta kitabu changu kimefunikwa na vitabu vya mitihani, nakitoa mbele, naendelea na salamu.

Na hizo salamu ndizo faida yenyewe. Dada wa pale Posta, aliyesimama kaunta miaka na miaka, ndiye aliyeniambia kuwa wanaoingia kuulizia riwaya zangu ni wanawake wa umri wangu wanaotoka kazini, na kwamba wengi hufungua kitabu katikati, wanasoma nusu ukurasa, ndipo wanauliza bei. Katikati, sikia hapo! Tangu siku ile siandiki sura ya katikati kwa kupumzika. Wale wanaosema mwandishi asihangaike na maduka wanisaidie kuniambia ningelijua hilo nikiwa wapi.

Kuuza kwa simu kuna kanuni zake. Picha ya jalada kwenye status, aya moja kutoka kitabuni, bei, namba ya kulipia, basi. Wa Dar wanaletewa na boda. Wa mikoani mzigo unakwenda kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi: jina na namba ya simu kwa kalamu nene juu ya bahasha, risiti unaipiga picha unamtumia msomaji, na yeye anaisubiri gari kwake. Nauli ya kitabu kimoja inaweza kula faida yote, kwa hiyo nawashawishi wasomaji wa mji mmoja waagize pamoja. Kule Mbeya walimu wa shule moja wameshajiundia kikundi, mzigo unakwenda kwa mmoja wao.

Nikiongelea simu lazima niwape heshima yao wadogo zangu wanaoandika hadithi za WhatsApp na Facebook, sehemu ya kwanza mpaka ya hamsini, ukitaka mwendelezo unalipia. Kuna watu wanawabeza. Mimi nawasoma. Binti wa miaka ishirini na kitu anajua kila usiku ni wangapi wamesubiri, wangapi wamelipa, na ni mhusika gani wamemkasirikia. Anakata sehemu mahali ambapo huwezi kulala. Mwandishi, mtangazaji na mtunza fedha ni yeye huyo huyo, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Anachokosa mara nyingi ni mhariri tu, na akimpata, jamani, tutamsoma miaka mingi.

Tatizo lao ni letu sote: kazi inakusanywa, inafanywa PDF, inazungushwa kwenye magrupu bure. Inaniuma sana. Ninachofanya ni kumwandikia msimamizi wa grupu kwa adabu, nikijitambulisha kwa jina na kueleza kitabu kinauzwaje. Wengine huondoa. Na wapo wasomaji walionilipa baadaye, pesa ikiingia na neno "samahani dada".

Wala mwandishi kuvaa kofia nyingi, yaani kuzibeba kazi hizi zote, hakukuanza na intaneti. Ben Mtobwa, aliyetupa riwaya za upelelezi tulizozisoma kwa kupokezana shuleni, alianzisha pia kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Alijua kitabu kina safari baada ya mwandishi kuweka kalamu chini, akaisimamia.

Ninachokikataa ni kazi hizi kupanda juu ya kuandika. Alfajiri kabla ya adhana ya Subhi simu yangu iko chumba kingine. Sijibu oda, siangalii status. Oda zinajibiwa mchana wakati wa chakula, mahesabu ya vitabu Ijumaa jioni, maduka Jumamosi. Mialiko ya kuzungumza napokea ya shule na maktaba. Mingine nakataa, hata yenye posho, kama inaangukia alfajiri zangu.

Muswada wa sasa umefika sura ya tisa, na nimeshajua utaishia kwenye kurasa 176 au 192. Mwalimu ameanza kuulizia. Nimemwambia ataupata baada ya Idi, na kwamba "mishe" safari hii zimeongezeka.