Pikapu kubwa za Marekani: stika ya mlangoni kwanza, beji baadaye

Kwa mtu aliyezoea Hilux, pikapu kubwa ya Marekani ni mnyama mwingine kabisa. Hilux ya nyumbani ina upana wa sentimita 185 hivi. Ford F-150 inafika 203, na hapo vioo vya pembeni havijahesabiwa. Waswahili wa huku wanaozitafuta, kuanzia Dallas na Houston hadi Louisville na Columbus, wengi wanazitaka kwa kazi: kuvuta magari ya mnada kwa tela, kuhamisha watu, kukata nyasi, ujenzi mdogomdogo. Halafu mtu anaingia yadi, anakalishwa kwenye kiti cha ngozi chenye feni ndani, anaonyeshwa paa la kioo, na anatoka na gari la bei kubwa zaidi linalobeba mzigo mdogo kuliko lile la bei nafuu lililoegeshwa pembeni yake.

Ndivyo magari haya yalivyo. Mtengenezaji anaweka kikomo cha uzito wote wa gari likiwa limebeba, na kikomo hicho hakipandi sana ukipanda daraja. Kinachopanda ni uzito wa gari lenyewe: paa la kioo, stepu zinazojikunjua kwa umeme, viti vya mota, rimu za inchi 22, betri ya haibridi. Kila kilo ya mapambo inatolewa kwenye mzigo wako. Fulu opsheni hubeba kidogo, basi.

Kwa hiyo fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kuna stika yenye rangi nyeupe na njano inayohusu matairi na mzigo, na ndani yake sentensi inayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani, kwa kilo na kwa pauni. Namba hiyo ni ya gari hilo hilo lililo mbele yako, lilivyotoka kiwandani na vikorokoro vyake. Dereva naye amo kwenye hesabu. Kava ya bodi na stepu zilizofungwa na muuzaji baadaye zinatakiwa kutolewa humo. Pikapu mbili za beji moja, injini moja na rangi moja zinaweza kupishana pauni 300. Kipeperushi hakitakuambia, stika itakuambia.

Tuchukue kazi ya kawaida, kuleta gari kutoka mnadani. Tela la chuma la wazi lina pauni 2,000 hivi, na Highlander iliyo juu yake ina 4,400. Jumla 6,400. Ncha ya tela inatakiwa ikandamize nyuma ya pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo. Ikipungua, tela linaanza kuyumba kama mkia wa samaki kwenye mwendo wa barabara kuu. Tuweke asilimia 12: pauni 768. Kishikio cha kugawanya uzito, 80. Watu watatu wa pauni 180 kila mmoja, 540. Minyororo, jeki, winchi na sanduku la vifaa, 150. Ukijumlisha unapata 1,538. Pikapu yenye stika ya 1,750 inafanya kazi hiyo na inabakiza 212. Yenye 1,350 imezidiwa kwa karibu pauni 190, ingawa tangazo lake linasema inavuta zaidi ya pauni 11,000. Namba ya tangazo haidanganyi, ila imepimwa kwa kanuni inayohesabu dereva na abiria mmoja wa pauni 150 kila mmoja, na karibu hakuna kitu kingine garini. Kwenye pikapu za daraja hili, uwezo wa kubeba huisha kabla ya uwezo wa kuvuta.

Madaraja ya kati kama Ford XLT, Chevrolet LT, Ram Big Horn na Toyota SR5 mara nyingi stika zake hukaa kati ya pauni 1,600 na 1,900 kwa kebini ya milango minne na 4x4. Ram Limited, F-150 Platinum ya haibridi au Toyota Tundra Capstone zinaweza kushuka hadi 1,400 au 1,300. Mifuko ya hewa ya kufunga kwenye springi za nyuma haiongezi chochote kwenye namba hiyo. Inanyanyua tu mkia wa gari ili lisionekane limezidiwa.

Namba ya pili ya kutazama ni uwiano wa difu, yaani shafti inazunguka mara ngapi ili matairi yazunguke mara moja. Ram 1500 yenye difu la 3.21 na nyingine yenye 3.92, injini ile ile ya Hemi (V8 ya Ram), zinapishana maelfu ya pauni kwenye uwezo wa kuvuta. Ford wana 3.31, 3.55 na 3.73, Chevrolet 3.23 na 3.42. Difu la namba ndogo ni la matangazo ya kubana mafuta. Anayevuta kila wiki atafute 3.55 kwa Ford, 3.42 kwa Chevrolet, 3.92 kwa Ram, na ahakikishe gari limetoka kiwandani na pakeji ya kuvuta: soketi ya pini 7, kidhibiti cha breki za tela kilichojengewa kwenye dashibodi, na upoozaji ulioongezwa. Majimbo mengi yanataka tela linalozidi pauni 3,000 liwe na breki zake. Kufunga kidhibiti baadaye kunawezekana. Kuongeza rejeta kubwa na kubadilisha difu ni kutupa hela.

Tangi nalo husahaulika sana. F-150 ina matangi ya galoni 23, 26 au 36 kulingana na ilivyoagizwa. Ukivuta tela la gari unapata maili 9 au 10 kwa galoni, kwa hiyo tangi la 23 ni safari ya maili 200 tu kabla ya kuanza kutafuta kituo ambacho tela lako litaweza kugeuka. Tundra nayo ina tangi la 22.5 kwenye SR na baadhi ya SR5, au 32.2. Silverado, yaani pikapu ya Chevrolet, ya milango minne ina 24, upende usipende.

Sasa injini, na hapa ndipo pesa ya mtu anayenunua gari lililotumika inapopona au kufa.

Silverado ya 2.7 Turbo ina silinda nne, na watu wanaicheka kwa hilo. Wasiicheke: kwa za miaka ya karibuni msokoto wake, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ni pauni-futi 430, zaidi ya V8 ya 5.3 yenye 383. V8 hiyo ya 5.3 ni imara kwenye kila kitu isipokuwa mfumo wa kuzima baadhi ya silinda ili kubana mafuta. Lifta zake, vidude vinavyosukuma vali, hukwama, na matengenezo yanamaanisha kufungua vichwa vya injini. Ukiwasha gari la baridi ukasikia kugonga kwa upande mmoja na injini inakosa mpigo, ondoka. V8 ya 6.2 ya miaka ya 2021 hadi 2024 iliitwa irudishwe kukaguliwa Aprili 2025, magari yapatayo laki sita Marekani, kwa kasoro za krankishafti na konrodi zinazoua beringi. Yaliyopita ukaguzi yalibadilishiwa oili kwenda 0W-40 nzito zaidi. Binafsi nisingenunua 6.2 ya miaka hiyo bila karatasi ya kazi iliyofanyika. Dizeli ya 3.0 Duramax ni tamu kwa safari ndefu, lakini ile ya 2020 hadi 2022 ina mkanda wa pampu ya oili nyuma ya injini unaotakiwa kubadilishwa kwenye maili 150,000, na ili kuufikia lazima gia boksi ishuke. Anayekuuzia yenye maili 140,000 kwa bei poa anajua anachokifanya.

Ford ya 3.5 EcoBoost, nguvu farasi 400 na msokoto 500, ndiyo ya kuvuta. Za 2017 hadi 2020 zina ugonjwa wa vifaa vya kurekebisha muda wa kamshafti: ukiwasha asubuhi zinakereza sekunde chache kisha zinanyamaza. Kwa hiyo mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na gusa boneti kwanza ujue kama ni ya baridi kweli. Gia boksi ya gia 10 ya miaka hiyo hiyo hupiga mateke ikibadilisha gia, hasa kwenye mwendo mdogo, kwa sababu ya bushi inayohama ndani ya ngoma ya klachi. V6 ya 2.7 inatosha kwa fundi asiyevuta zaidi ya pauni 6,000. Haibridi ya PowerBoost ina kitu ambacho wenzake hawana: ukiagiza ya kilowati 7.2 unapata soketi ya volti 240 kwenye bodi, inayoendesha mashine ya kuchomelea au friji na feni za nyumba nzima umeme ukikatika. Kwa mtu wa ujenzi hiyo peke yake ni jenereta ambayo huhitaji kununua.

Ram iliiacha Hemi kwenye 1500 za 2025, ikaweka injini ya silinda sita mstari mmoja, lita 3.0 na turbo mbili: nguvu farasi 420 ya kawaida, 540 kwa madaraja ya juu. Wateja wakanung'unika, na Hemi ya 395 ikarudi kwa mwaka 2026. Ukinunua Hemi iliyotumika, sikiliza mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi. Ukiisha ikipata moto, mara nyingi ni boliti za eksozi zilizokatika kwenye kichwa. Ukiendelea, anza kuwaza lifta na kamshafti. Ram wanatumia springi za koili nyuma badala ya springi za bapa kama za Canter, ndiyo maana inatulia barabarani kuliko Ford na Chevrolet. Ya mifuko ya hewa inatulia zaidi, mpaka itakapoanza kuvuja.

Tundra ina jina, na jina hilo limejengwa na V8 ya 5.7 ambayo haipo tena tangu 2022. Ya sasa ni V6 ya turbo mbili. Mei 2024 Toyota waliyaita magari yapatayo 102,000, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu ya vumbi la chuma lililobaki ndani ya injini wakati wa kutengeneza na kuharibu beringi. Tiba ilikuwa injini mpya. Usilikimbie gari lililokwisha kubadilishiwa injini. La kukimbia ni lile ambalo bado. Andika namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17 kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ni bure, uone kama kuna kazi iliyobaki. SR ya chini kabisa imepunguzwa hadi nguvu farasi 348 badala ya 389, kwa hiyo Tundra inaanzia SR5.

Kwa ndani sitakawia. Silverado WT na Custom zina dashibodi ya zamani na skrini ya inchi 7; ukiingia LT unapata ya 13.4, na hiyo ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote kwenye ngazi yao. Ram Big Horn iulizie pakeji ya Level 2. Ford XLT za 2021 hadi 2023 zina makundi ya vifaa ya 300A, 301A na 302A, na beji ya nje ni ile ile, kwa hiyo soma stika ya dirishani ujue umeshika ipi.

Wa Minnesota na Ohio watazame kitufe cha 4x4. Kama kina 4A, gari linajiamulia lenyewe kwenye lami yenye theluji ya vipandevipande. Tundra haina 4A kwenye daraja lolote, na XLT nyingi hazina. Ukiendesha 4H, ile inayofunga magurudumu yote manne kwa pamoja, kwenye lami kavu unakaza mfumo wa mbele mpaka kitu kikatike. Baadhi ya Silverado za 4x4 hazina gia nzito ya 4L kabisa. Kitufe kitakuonyesha kwa sekunde moja.

Pima gereji pia. F-150 ya milango minne yenye bodi fupi ya futi 5.5 ina inchi 232, zaidi ya futi 19, na gereji nyingi za nyumba zina kina cha futi 20. Plywood ya futi 4 kwa 8 inalala kati ya matao ya matairi ya pikapu zote nne, lakini kwenye bodi hiyo fupi lazima ushushe mlango wa nyuma na bado itachungulia nje.

Anayefanya biashara ya kuvuka majimbo ajue kwamba uzito ulioruhusiwa wa pikapu na tela vikijumlishwa vikafika pauni 10,001, anahitaji namba ya USDOT, ya wizara ya uchukuzi ya Marekani. F-150 yenye kikomo cha 7,050 na tela la 7,000 tayari imepita.

Ukishanunua, pakia kama unavyopakia siku ya kazi, watu wakiwemo, uende kwenye mizani ya malori kwenye kituo kikubwa cha mafuta. Utapewa karatasi yenye uzito wa ekseli ya mbele, ya nyuma na ya tela. Ya nyuma ilinganishe na kikomo cha ekseli hiyo kwenye nguzo ya mlango. Ikizidi, sogeza gari lililo kwenye tela inchi chache nyuma, upime tena, ila ncha isishuke chini ya asilimia 10.