Kitabu kilichobaki nusu

Jinja, 30 Desemba

"Mwalimu, mbona hadithi imeisha na kitabu bado kinene?"

Aliyeniuliza hivyo jana jioni ni Mama Afande, ambaye Kiingereza chake hakitoshi hata kuombea maji. Alikuwa amekishika kitabu changu kama mtu anayepima mkate: kurasa zilizosomwa kiganja cha kushoto, zisizosomwa cha kulia. Pande zote zilikuwa sawa. Nikakohoa, nikasingizia moshi wa sigiri.

Nirudi nyuma kidogo. Tangu Desemba iingie, wanawake wanne huja kukaa uani kwangu baada ya chakula cha jioni, umeme uwepo usiwepo. Karibu wote ni wake wa askari, au walikuwa. Mama Afande ni Mwacholi. Mwingine ni Mteso, mtu wa maneno machache. Nalongo ni Mganda, anasuka nywele karibu na stendi. Haboba ni Mnubi aliyekulia Bombo, na ndiye mkubwa wetu. Kila mmoja akishika lugha ya kwao hatutasikilizana hata salamu, kwa hiyo tunasema Kiswahili, na Kiswahili cha kambini hakina subira na ngeli. Katiba ya Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini Nalongo akienda sokoni hukiacha nyumbani. Anasema ukikisema pale kwa sauti, watu wanashika mifuko yao kama wamesikia mwizi.

Kitabu ni Little Women, riwaya ya Mmarekani Louisa May Alcott, nakala niliyoiokota soko la Owino, Kampala, ikiwa haina jalada. Nilikichagua kwa sababu kinaanza na Krismasi: mabinti wanne wananung'unika kwamba Krismasi bila zawadi si Krismasi, na baba yao yuko vitani. Sikuwaza zaidi ya hapo. Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Theluji niliwaambia ni kama barafu ya wachuuzi wa samaki wa Masese, ila inaanguka kutoka juu, tukapita.

Nilijiandaa kwa maswali kuhusu Marekani. Sikuulizwa hata moja. Wao walikigeuza kitabu kuwa baraza la wazee.

Kesi iliyochukua muda mrefu ni ya kifungua kinywa. Asubuhi ya Krismasi mama anarudi nyumbani akiwaambia mabinti kwamba kuna jirani maskini, akina Hummel. Mama wa huko ana kichanga, na watoto sita wamejibana kitanda kimoja kwa sababu hakuna moto. Je, wangekubali kuwapa chakula chao kiwe zawadi ya Krismasi? Wakabeba kila kitu, wakaenda. Nikanyamaza kidogo hapo, nikisubiri mtu afute machozi.

"Huyo mama amekosea," akasema Mama Afande. "Angewapa nusu. Na wake ni watoto."

"Nusu ya nini?" Haboba akamgeukia. "Ukitoa nusu unakaa unaihesabu ile nyingine."

Walibishana mpaka makaa yakawa majivu. Mimi nilikuwa upande wa Haboba, na nilibaki huko mpaka tulipofika kwenye homa. Maana Beth, yule mpole, ndiye aliyeendelea kwenda kuwaangalia akina Hummel wakati dada zake wamechoka, na kile kichanga kikamfia mapajani. Akarudi nyumbani na homa ya vipele. Nilimtazama Mama Afande nikijua sasa atasema "niliwaambia". Hakusema. Aliinuka, akaingia jikoni kwangu, akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Mumewe yuko Somalia. Majeshi yetu yalianza kwenda Mogadishu Machi 2007, na hii ni zamu yake ya pili. Yeye mwenyewe husema ameolewa na simu. Jinja siku hizi imepungua watu, kila mwenye nauli ameenda kijijini kula Sekukulu, lakini yeye amebaki kwa sababu pale nje ya nyumba yake ndipo mtandao unaposhika vizuri. Usiku ule wa kwanza, nilipofika kwenye barua ya baba kutoka vitani, alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu nilijikuta nimetia maneno ambayo hayamo: kwamba baba anamsalimu mama peke yake, kwa jina, na anamwomba asilale amechelewa. Yalitoka tu. Hakuna aliyeshtuka, nikaendelea.

Jo, binti wa pili, kuuza nywele zake ili mama apate cha kwenda nacho Washington kumuuguza mume ilikuwa zamu ya Nalongo. Dola 25! Akataka kujua urefu wake, kama zilikuwa nzito, kama zilikatwa kwa mkasi au wembe. Akakata shauri kwamba kinyozi alimwibia mtoto wa watu. Kuhusu Amy, kitinda mimba, kuchoma mswada wa hadithi za Jo, hukumu ilitoka kwa dakika moja: viboko.

Mkesha wa Krismasi tulifika pale baba anaporudi, mwaka mmoja baada ya ile Krismasi ya kwanza. Beth amepona homa, amekaa. Laurie, kijana wa jirani, anachungulia mlangoni na kusema kuna zawadi nyingine, halafu anaingia mtu mrefu aliyefunikwa mpaka machoni. Walipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Mama Afande alisimama, akakaa, akasimama tena. Nikafunga kitabu. "Imeisha," nikasema.

Haikuwa uongo mtupu. Alcott mwenyewe aliishia karibu na hapo alipokitoa mwaka 1868, na sehemu ya pili ilifuata 1869. Ila nakala yangu ina zote mbili ndani ya gundi moja, na mimi nilijua kilichomo upande wa pili. Homa ile ilimwacha Beth dhaifu, na huko mbele hatapona. Nani angekuwa na moyo wa kulisema hilo mbele ya mwanamke aliyekuwa bado amesimama?

Basi jana nikakiri: ndiyo, kuna nusu nyingine. Sikusema ina nini. Wakasahau hasira papo hapo, wakauliza kwa pamoja, hata yule Mteso: "Jo ataolewa na Laurie?"

Nilicheka peke yangu, wakanishangaa. Nusu ya kwanza ilipotoka, wasichana wa huko walimwandikia Alcott barua wakiuliza hilohilo, mabinti wataolewa na nani. Tarehe 1 Novemba 1868 akaandika katika shajara yake, kwa hasira, kwamba hatamwoza Jo kwa Laurie ili kumfurahisha yeyote. Alcott mwenyewe hakuolewa maisha yake yote. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikwenda kuuguza majeruhi, akarudi mgonjwa. Jo akampa profesa Mjerumani, mtu mzima, fukara, mwenye ndevu. Laurie akamwachia Amy. Amy yuleyule wa viboko! Nikiwaza uso wa Nalongo siku hiyo itakapofika, natamani kuhama mtaa.

Na nakiri jambo jingine, kwenu tu. Nilipokuwa nikicheka, nilikuwa nishaanza kuipanga harusi ya Jo na Laurie kichwani. Nani angejua? Nalongo anajua Kiingereza cha wateja, hao wengine hawajui. Beth naye angepelekwa pwani kupunga hewa, arudi amenenepa. Alcott alishikilia msimamo wake mbele ya wasomaji wake, lakini hakuwahi kukaa nao kwenye mkeka mmoja.

Haboba alikuwa anakunja kanga yake ili aondoke. Akasema bila kunitazama, "Huko mbele usituongezee chumvi, Mwalimu. Siku ya barua uliongeza."

Nikauliza alijuaje.

"Macho yako yalitoka kwenye karatasi."

Nikamgeukia Mama Afande. Alikuwa bado ameshika kitabu, kidole kimeingia pale katikati. "Ile salamu niachie," akasema. "Lakini nyingine soma zilivyo."

Leo jioni tunaanza nusu ya pili. Kuna harusi ya Meg, dada mkubwa, na nimeshapitia ukurasa wenyewe mara mbili. Wadogo zake ndio wanaomsuka nywele. Imeandikwa hivyo, sijaongeza, na Nalongo akitaka nitamwonyesha mstari.