Hesabu hisa kwanza, bei baadaye

Kila kampuni ndogo iliyoorodheshwa sokoni ina watu wake wanaobishana: hisa itafika wapi? Mmoja anasema senti 50 kabla mwaka haujaisha, mwingine anasema sifuri. Ubishi ni mtamu, ila mara nyingi pande zote mbili zimekodolea macho bei, na hakuna aliyefungua ukurasa wa mtaji, ule unaoonyesha hisa zilizotolewa, kwenye ripoti ya fedha. Kwa kampuni ndogo ukurasa huo una habari nyingi kuliko chati.

Tuchukue kampuni ya mfano. Imetoa hisa milioni 80, bei ni senti 12. Zidisha: soko linaithamini kampuni nzima dola milioni 9.6. Anayesema hisa hii ni rahisi kwa kuwa ni senti 12 tu hajasema lolote bado, maana hisa ya senti 12 inaweza kuwa ghali mno na ya dola 300 ikawa nafuu. Na yule anayeota dola moja apewe hesabu yake mwenyewe: hisa milioni 80 kwa dola moja ni dola milioni 80. Kama mauzo ya mwaka mzima ni dola milioni 3, anachodai ni kwamba soko litalipa karibu mara 27 ya mauzo hayo. Yawezekana. Lakini alitamke hivyo, tujue anabeti nini.

Hatua ya pili ni kutoa hisa zisizotembea. Tuseme waanzilishi na wakurugenzi wanashika asilimia 55. Zinabaki milioni 36. Mfuko mmoja wa uwekezaji una milioni 10 na haujauza hata moja kwa miaka. Zinabaki milioni 26. Hizo ndizo zinazopita mikononi mwa watu. Kuwajua wakubwa si kazi ngumu, kwa sababu masoko mengi huwalazimisha wajitangaze wakivuka kiwango fulani: Marekani ni asilimia 5, Uingereza kwa kawaida asilimia 3. Wakurugenzi nao hutakiwa kutangaza wanaponunua au kuuza. Hapo tazama jambo moja: je, amenunua sokoni kwa fedha yake, au amepewa hisa kama sehemu ya malipo yake? Tangazo la pili halina uzito wa la kwanza, ingawa mashabiki wa hisa hiyo huyasambaza yote mawili kwa shangwe ileile.

Sasa njoo kwenye mauzo ya hisa kwa siku, mahali ambapo wengi hunasa. Hisa 60,000 za kampuni yetu huuzwa na kununuliwa kwa siku ya kawaida, yaani dola 7,200. Ukiwa na hisa 300,000, na hutaki kuchukua zaidi ya moja ya tano ya mauzo ya siku ili usiivunje bei, unaweza kutoa hisa 12,000 kila siku. Kutoka kabisa ni siku 25 za soko, zaidi ya mwezi. Faida unayoiona kwenye simu ni ya mtu mwenye hisa 2,000, anayeweza kuziuza zote kwa bei hiyo. Ndiyo maana kiasi cha kununua hupimwa kwa mlango wa kutokea. Mimi sivuki hisa ambazo ningeweza kuziuza kwa siku tano za kawaida, na siku za kelele, zenye mauzo mengi kuliko kawaida, sizihesabu kabisa kwenye wastani huo.

Tazama pia orodha ya oda, yaani maagizo ya kununua na kuuza yanayosubiri. Mnunuzi bora anatoa senti 11.5, muuzaji bora anataka 12.5. Ukinunua sasa hivi na kuuza dakika hiyohiyo, umepoteza asilimia 8. Ongeza ada ya dalali, tuseme asilimia 1 kila upande: ili urudishe fedha yako tu, bei ya mnunuzi lazima ipande kutoka 11.5 hadi karibu 12.75, takribani asilimia 11. Anayeingia na kutoka kila wiki kwenye hisa ya namna hii anamlisha dalali.

Nyuma ya muuzaji wa kwanza kuna wengine. Hisa 5,000 ziko kwa senti 12.5, 8,000 kwa senti 13, halafu 20,000 kwa senti 14.5. Mtu akiweka oda ya bei ya soko, yaani ya kununua papo hapo kwa bei yoyote iliyopo, ya hisa 30,000, atazoa zote za ngazi mbili za mwanzo na 17,000 za ngazi ya tatu. Wastani wake unakuwa senti 13.77, zaidi ya asilimia 10 juu ya bei aliyoiona. Na kwa kuwa biashara ya mwisho imefanyika kwa 14.5, kila mtu anaona hisa "imepaa" kutoka 12, karibu asilimia 21. Uvumi unaanza: lazima kuna mkataba, kuna mnunuzi mkubwa, kuna anayejua kitu. Lisemwalo lipo, ndiyo, ila hapa kilichopo ni mtu mmoja aliyetumia aina mbaya ya oda. Dawa ni oda yenye kikomo cha bei, ambayo haivuki bei uliyoitaja, kila mara, bila ubaguzi.

Tuingie kwenye fedha za kampuni, kwa sababu kampuni ndogo isiyopata faida huishi kwa kuuza hisa mpya. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Kuna dola milioni 1.8 benki, na kila robo mwaka shughuli zinakula dola 600,000. Hiyo ni miezi tisa. Lakini ripoti husimama kwenye tarehe ya kufunga hesabu, na wewe unaisoma miezi miwili au mitatu baadaye. Imebaki nusu mwaka. Wakurugenzi wenye akili hawasubiri akaunti ikauke, kwa hiyo mazungumzo ya kutafuta fedha huenda tayari yameanza. Yeyote anayekutabiria bei ya miezi 12 ijayo bila kugusa suala hili ameruka ukurasa muhimu kuliko zote. Maneno ya mkaguzi kuhusu shaka ya kampuni kuendelea na shughuli zake yatafute pia. Huwekwa kwa lugha ya upole, lakini si pambo.

Tuseme wanatafuta dola milioni 2. Wawekezaji wa toleo kama hili hutaka punguzo, basi bei inawekwa senti 9. Zinatoka hisa mpya milioni 22.2, na jumla inakuwa milioni 102.2. Aliyekuwa na asilimia 1 sasa ana asilimia 0.78. Kwa hesabu tupu, thamani ya zamani ya milioni 9.6 ukijumlisha milioni 2 zilizoingia, ugawe kwa hisa zote, unapata senti 11.35. Mbona basi bei mara nyingi huteremka hadi jirani na 9? Kwa sababu aliyelipa 9 anaweza kuuza kwa 10 na bado akapata faida safi, naye hana mapenzi yoyote na kampuni. Mpaka hisa hizo zimalizike kuuzwa, kila bei inapojaribu kuinuka inakutana naye.

Mara nyingi toleo huambatana na waranti, yaani haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa. Zikiwapo milioni 15 zenye bei ya senti 15, usishangae hisa ikisita kila inapofika 15; wenye waranti wanauza hapo. Ziongeze kwenye hesabu ya hisa kabla ya kuota bei ya juu.

Kibaya zaidi ni mkopo unaogeuzwa kuwa hisa kwa bei inayoelea. Mkopeshaji anatoa dola milioni 1 na kupewa haki ya kugeuza kwa asilimia 80 ya bei ya soko. Bei ikiwa 12, anapata hisa kwa 9.6, yaani milioni 10.4. Bei ikishuka hadi 6, anapata milioni 20.8 kwa mkopo uleule. Anageuza kidogo, anauza, bei inashuka, anageuza tena kwa bei nzuri zaidi kwake. Ukiliona sharti hili kwenye maelezo ya mikopo, mimi nashauri ufunge faili. Sijali bidhaa yao ni nzuri kiasi gani.

Matangazo yanahitaji jicho kavu. Hati ya maelewano si mkataba. Tafuta jina la upande wa pili, kiasi, tarehe ya kuanza kulipwa, na nani anaweza kujitoa. Kikikosekana kiasi, jiulize kwa nini kampuni yenye kiu ya fedha ikifiche. Hata habari ya kweli inaweza kukutia hasara. Mwaka 1969 kampuni ndogo ya Australia, Poseidon, ilitangaza kupata nikeli huko Windarra. Hisa iliyokuwa chini ya dola moja ya Australia mwezi Septemba ilifika dola 280 Februari 1970. Nikeli ilikuwapo. Ila kiwango chake ardhini kilikuwa chini ya kilichodhaniwa mwanzoni, na mgodi ulianza uzalishaji mwaka 1974, wakati waliolipa 280 walikuwa wameshaumia zamani.

Neno kuhusu oda ya kuzuia hasara, yaani agizo la kuuza bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka. Wengi huiweka, kisha hulala usingizi. Kwenye hisa inayouzwa kwa shida, oda hiyo ikiguswa hugeuka oda ya bei ya soko. Umeiweka senti 10, tangazo baya limetoka soko likiwa limefungwa, asubuhi mnunuzi wa kwanza yuko senti 7: utauzwa kwa 7 au chini yake. Ukiiwekea kikomo cha bei, hutauzwa kwa 7, ila huenda usiuzwe kabisa. Hivyo kinga halisi ni kiasi ulichonunua. Piga hesabu ya bei kuanguka nusu usiku mmoja, na hisa ziwe chache kiasi kwamba hasara hiyo haigusi kodi ya nyumba.

Na ukiweka oda yenye kikomo, weka pia tarehe ya kuisha. Oda ya kununua kwa 11 iliyosahauliwa kwa wiki sita hutimia siku moja tu: siku habari mbaya imetoka, na kila aliyekuwa macho ameshaiondoa yake.