Socorro, 1964

Jana usiku nimekesha nikisoma mafaili ya Project Blue Book, uchunguzi wa Jeshi la Anga la Marekani kuhusu vitu visivyojulikana angani. Ulifungwa 1969: taarifa 12,618, na 701 hazikupata maelezo.

Iliyonishika ni ya Socorro, New Mexico. Askari polisi Lonnie Zamora aliacha kufukuza gari, akafuata mngurumo na moto jangwani, akaona chombo cheupe chenye umbo la yai. Vichaka viliungua, ardhini zikabaki alama. Mwanaastronomia J. Allen Hynek alimhoji, akamwona mkweli. Hadi leo haina jibu!

Ila 1966, Hynek huyohuyo aliwaambia watu wa Michigan kwamba huenda waliona gesi ya kinamasi, mashahidi wakachekwa nchi nzima. Imeniuma sana, jamani.