Fundi Cherehani na Nguo za Adamu

Aliyeanzisha ubishi ni mzee mmoja wa Jomba, kwetu Kongo, tena aliuanza kwa upole kabisa. Ilikuwa Jumapili, miezi michache baada ya sisi kuvuka mpaka pale Bunagana, mwaka 2012, waasi wa M23 walipoutwaa mji. Tulipitia Nyakabande kule Kisoro, kisha mabasi yakatuleta Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge, makazi ambayo Uganda ilikuwa imeyafungua tena mwaka huohuo kwa ajili ya Wakongo. Tulipewa kipande cha ardhi, turubai na jembe. Kanisa lenyewe lilikuwa turubai juu ya miti, na mvua ikinyesha, mchungaji alinyamaza mpaka ipite, kwa maana hakuna sauti inayoshinda mvua juu ya turubai.

Siku hiyo alikuwa amesoma Mwanzo, sura ya kwanza mpaka ya tatu, bila kukata. Alipofunga kitabu, mzee akavua kofia yake.

"Mchungaji, naomba neno. Adamu alikosa, akafukuzwa kwake. Sisi nasi tumefukuzwa kwetu. Basi tutafute tulichokosa."

Watu wakaguna kumkubali. Haikuchukua muda makosa yakaanza kutajwa: ulevi, ndugu kudhulumiana mashamba, vijana kutoheshimu wazee. Hapo macho yote yakatugeukia sisi wa benchi la nyuma, kama kawaida.

Ndipo akasimama mama mmoja, fundi cherehani, ambaye huko Rutshuru mashine yake ilibaki ndani ya nyumba na kitambaa cha mteja bado kikiwa chini ya sindano. Hakuomba ruhusa.

"Mzee wangu, shikamoo yako ninayo, lakini umerukia mwisho. Mchungaji, tusomee sura ya tatu, mstari wa ishirini na moja."

Mchungaji akatafuta, akasoma: "BWANA Mungu akawafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika."

"Mmesikia? Wenyewe walijifunga majani ya mtini. Majani yanakauka, yanapasuka, hayafiki jioni. Mungu akakaa chini akawashonea. Ngozi si kitambaa, ngozi inaumiza vidole. Unapima mabega, unapima kiuno, unatoboa, unavuta uzi. Mtu aliyekuchoka hakupimi mabega. Sasa mnataka kuniambia huyohuyo ndiye aliyewaleta wale wenye bunduki?"

Mimi nilikuwa nimesikia habari ya Edeni tangu utotoni, na sikuwahi kuona kwamba kuna kushona ndani yake. Wahubiri wote niliowajua walikimbilia tunda.

Mchungaji, ambaye kabla ya vita alifundisha chuo cha Biblia, aliacha mahubiri aliyoyaandaa akakaa kwenye benchi pamoja nasi. Akasema wanazuoni wengi wanaamini sura ya kwanza ilipata umbo lake kati ya watu waliohamishwa, Wayahudi waliopelekwa Babeli baada ya Nebukadneza kuiteketeza Yerusalemu, karne ya sita kabla ya Kristo. Huko Babeli wenyeji walikuwa na hadithi yao. Mungu wao Marduk alimuua Tiamati, akaupasua mwili wake kuwa mbingu na nchi. Kisha kwa damu ya mungu mwingine aliyeuawa, akaumbwa mtu, ili miungu ipumzike na mtu abebe kazi yao.

"Kumbe mpagazi," akasema mtu nyuma yangu.

"Mpagazi hasa. Na aliyeitwa sura ya mungu alikuwa mfalme. Sasa wakimbizi hawa, hawana hekalu, hawana mfalme mwenye nguvu, wanajibu nini? Kwamba hakuna vita pale mwanzo. Jua na mwezi, vilivyoabudiwa na Wababeli, ni mianga tu, hata majina hayakutajwa. Na sura ya Mungu amepewa mtu, mwanamume na mwanamke. Hawakusema mwenye ikulu. Hawakusema mwenye kitambulisho."

Hapo watu walicheka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na karatasi ya usajili aliyoikunja ndani ya nailoni na kuificha kifuani, akilala nayo, akioga nayo karibu.

Polisi mmoja, Muganda, alikuwa ameegemea baiskeli nje akisikiliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha amri amri hivi, lakini akaingilia: kwao mtu wa kwanza ni Kintu, na mkewe Nambi, binti wa Ggulu, mwenye mbingu. Waliambiwa washuke duniani wasirudi nyuma. Nambi akasahau nafaka ya ulezi ya kulisha kuku wake, akarudi, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye kifo, akamfuata. "Hata kwetu tunamsema mwanamke," akamwambia fundi.

"Na huyo Kintu angekula nini bila kuku?" akajibiwa.

Mzee alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Sikumwona mshindwa. Nafikiri hata leo kwamba swali lake lilikuwa la haki: mtu aliyepoteza kila kitu heri akute kosa lake mwenyewe, maana kosa linaweza kutubiwa, lakini bahati mbaya utaifanyia toba gani? Akasema polepole, "Nguo nimekubali. Lakini makerubi, wale walinzi wa Edeni, na upanga wa moto bado wapo njiani, na tunawajua kwa majina."

Hilo hata mchungaji hakuligusa. Akaomba, tukatawanyika kwenda kupika.

Wiki iliyofuata mzee alikuja kumsaidia fundi kukandika nyumba, mikono imejaa udongo mwekundu mpaka viwikoni, na ubishi ukaendelea huku wakirushiana matope ukutani. Ulikuwa umehamia kwa nyoka. Mzee alishikilia kwamba kabla ya kulaaniwa alikuwa na miguu. Fundi alitaka kujua ni mingapi.