Siku moja maishani mwangu: naigongesha roboti ili isimgonge mama

Saa 1 asubuhi. Nafungua maabara, nawasha kompyuta, natoa betri kwenye chaja. Watu wakisikia natengeneza roboti hudhani nina mtu wa chuma anayetembea na kuongea. Nilicho nacho ni mkono mmoja tu, una viungo saba, umefungwa ubavuni mwa kiti cha magurudumu. Kazi yake ni kumpelekea kikombe cha maji mtu ambaye mikono yake haimtii tena.

Saa 2 hadi saa 4. Naugongesha mkono huo kwenye kipima nguvu, naandika namba, naurudisha nyuma, naugongesha tena. Mara 60. Hii ndiyo sehemu kubwa ya kazi yangu na hakuna anayekuja kuipiga picha. Waraka wa ISO/TS 15066 wa mwaka 2016, wa shirika la kimataifa la viwango, ulioandikwa kwa ajili ya roboti zinazofanya kazi bega kwa bega na watu viwandani, unataja nguvu ya nyutoni 140 kuwa kikomo cha kubana kiganja, na 65 kwa uso. Vipimo vyake vya mgandamizo vilipatikana kwa kuwabonyeza watu wazima 100 katika sehemu 29 za mwili, hadi waseme inauma. Watu wazima wenye afya. Mimi napeleka kikombe mdomoni mwa mgonjwa ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba na shingo yake haikwepi upesi. Kwa hiyo tumejiwekea kikomo cha chini sana kuliko hicho, na asubuhi hii mkono umekivuka mara mbili. Mara mbili kati ya 60 zinatosha kuninyima raha.

Saa 4 na nusu mama anafika. Ndiye anayetusaidia kujaribu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo kitanipa maji?"

Ana maradhi ya Parkinson. Mkono wake wa kulia ukitulia ndipo unapotetemeka, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kama ilivyo kwa wengi wenye maradhi hayo, na sauti yake imefifia. Anasema "leta", roboti haisikii. Anasema "leta maji", roboti inamkatiza kabla hajafika kwenye maji, kwa sababu niliipangia kwamba mtu akinyamaza sekunde moja amemaliza kusema. Yeye hupumzika kati ya neno na neno. Hilo nalirekebisha dakika ile ile, kwa aibu.

Kilichotutoa jasho ni mkono wenyewe. Kikombe kikianza kusogea, mama anauwekea mkono wa roboti kiganja chake, kama mtu anayemshika mwenzake wakati wa kunyweshwa. Vihisi vinauona mtetemo, vinadhani ni mgongano, mota zinazima, breki zinakamata. Tunaanza upya. Unasimama. Tunaanza upya. Mara ya nne maji yanamwagikia gauni lake. Mara ya tisa, naikumbuka vizuri, unasimama mrija ukiwa umegusa mdomo wake na kisogo chake kiko kwenye egemeo la kiti. Hana pa kurudi. Siku zote tumefundishana kwamba roboti iliyosimama ni roboti salama, na hii hapa imesimama na ndiyo inayomtisha. Nafungua breki, nauondoa kwa mikono yangu. Mama hasemi kitu. Anafuta kidevu.

Mwenzangu kijana anasema tuchuje mitetemo yote ya 4 hadi 6 kwa sekunde, roboti isiisikie kabisa. Ni rahisi, mistari michache ya programu. Lakini mama akitaka kuusukuma mkono uende zake, msukumo wake nao utakuja ukitetemeka. Tukiuziba mtetemo ovyo tutakuwa tumeiziba na "sitaki" yake. Tunabishana mpaka wote wawili tumesahau kula. Mwishowe tunakubaliana: mtetemo uchujwe, lakini msukumo unaodumu, hata ukiwa hafifu, uhesabiwe kuwa neno, na mkono usigande pale ulipo. Urudi taratibu kwa njia ile ile uliyojia.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipojaribu tena. Jua lilikuwa limeshahama dirisha. Kikombe kinakwenda, kiganja chake kimelala juu ya mkono, kinatetemeka, na mkono unaendelea. Anakunywa. Kisha anausukuma kidogo, nao unarudi. Anausukuma tena bila sababu, kuutazama tu ukimtii.

Nilidhani tumemaliza.

"Kile chekundu ni cha nini?" anauliza.

"Cha dharura, mama. Ukikibonyeza kila kitu kinakatika."

"Mbona kiko kwako?"

Kitufe chenyewe ni chekundu juu ya kibao cha njano, kama inavyotakiwa. Nimekipima, nyaya zake ziko sawa, nimesaini fomu. Kimefungwa mezani, pembeni mwa mkono wangu wa kulia. Kwa miezi minne ya majaribio mtu aliyekaa mbele ya roboti hakuwa na namna ya kuizima, na katika orodha yangu ya hatari, kurasa kwa kurasa, hilo halimo.

Mama ameondoka. Kijana nimemwambia akapumzike. Mgongo unauma na macho yamejaa mchanga, lakini nimevuta waya mrefu zaidi na nimetoboa ubavu wa kiti upande wa kushoto, usiotetemeka, usawa wa kiwiko. Springi ya kitufe ni ngumu mno kwake, nimeagiza pana na laini. Sasa nakaa kwenye kiti chake, nimefunga mkanda, mikono imelala mapajani, najaribu kukifikia kwa kiwiko. Kimebaki mbali kidogo. Natoboa tena.